Ishirini na Tatu kwa Mia

Mimi ni mwalimu, hata kama hapa Stockholm kazi yangu ni kuwaogesha wazee. Nilifundisha darasa la sita Morogoro, na jicho la kusahihisha halijanitoka. Nikiona tangazo la chumba cha kufulia limekosewa herufi, mkono unaniwasha.

Kwa hiyo mama yangu alipofariki, na mwenzangu wa kazini, mama wa Kireno ninayepokezana naye zamu kule Hässelby, akaniletea picha ya kunifariji, jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye ukingo mweupe wa chini. Picha yenyewe ilinigusa: mwanamke wa rangi ya buluu ameketi dirishani, mikono mapajani, kama mama alipokuwa akitungoja. Akaniambia mchoraji ni wa kwao, wa siku hizi, na kwamba yeye mwenyewe ameitunza miaka mingi. Nilimshukuru. Lakini akili yangu ilikuwa pale chini, palipoandikwa kwa penseli 23/100, na mkono wa kulia sahihi ya haraka haraka.

Ishirini na tatu kwa mia! Alama kama hizo nimezitoa mwenyewe, na wazazi nikawaita. Nilimwonea huruma mchoraji. Ila wageni wa kanisani wakija, waone nimetundika kazi ya aliyefeli? Nikachukua mkasi. Mume wangu akasema niache kitu cha watu kilivyo. Nikamwambia akaangalie chai yake.

Ule ukingo ulikuwa karatasi nzito, na mimi situpi karatasi nzuri. Nikaukata vibandiko vya vikopo vyangu vya kioo vya viungo. Upande mtupu nikaandika bizari, mdalasini, iliki; ule wenye penseli nikaulaza kwenye kioo na kuushika kwa selotepu.

Mwaka huu mwenzangu alistaafu, akawa anarudi kwao. Nikamwalika pilau ya kumuaga. Alipoingia sebuleni aliisogelea picha, akainama hadi chini ya fremu kama mtu anayetafuta sindano. Nikadhani ameona vumbi. Akanifuata jikoni kunisaidia.

Iliki yote nilikuwa nimeimalizia kwenye pilau. Alikichukua kile kikopo kitupu akioshe, kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya kioo, nyuma ya neno langu, ile sahihi ilisomeka vizuri kabisa.

Alinieleza polepole, kwa Kiswidi chetu cha kazini, kama tunavyowaeleza wazee dawa zao. Picha hiyo ilichapwa nakala mia. Yangu ni ya ishirini na tatu. Mchoraji aliandika hayo kwa mkono wake, mwenzangu akiwa amesimama mbele yake. Ndipo akaniuliza kwa nini nilikata.

Ningesema kweli, angecheka, nami ningecheka. Lakini mwalimu hakubali kufeli.

"Fremu ilikuwa ndogo," nikasema.

Akarudi sebuleni, nami nyuma yake. Picha nilikuwa nimeibandika juu ya kadi pana ya rangi ya maziwa. Akaweka vidole vitatu kati ya mwisho wa picha na ubao wa fremu. Vilienea, na nafasi ikabaki. Hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikula. Alisifu pilau, akaongeza. Wakati wa kuondoka, akiwa ameinama anavaa viatu, aliniomba kile kikopo cha iliki. Nikampa. Akakinusa, akakitia kwenye mkoba, akanikumbatia kama siku zote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Picha ingali ukutani. Juzi mgeni mmoja wa kanisani aliitazama sana, akaniuliza nani ameichora. Nikabaki nimeshika sinia la chai. Jina sikuwahi kulisoma. Nilisoma alama tu.