Uzi Mweusi kwenye Kipimo cha Joto

Kiwanda chetu kilikuwa Goma, si mbali na ziwa, na kazi yake ilikuwa kutoa mafuta katika piretri, yale maua meupe yanayoua wadudu. Malori yalileta maua makavu kutoka milima ya Masisi. Tuliyasaga, tukayaloweka katika esansi nyepesi, yaani petroli, ili mafuta yatoke, kisha tukaifukuza esansi kwa joto, yakabaki mafuta mazito yenye rangi ya asali.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusumbua. Mtungi wa shaba wenye mafuta ulikaa ndani ya pipa kubwa la maji, wazi kwa juu. Tanuru ilikuwa nyuma ya ukuta, mbali na esansi, na mvuke wake ulipita katika bomba chini ya pipa na kuyachemsha maji. Pipa lilikuwa jipya. Lilitoka Ulaya pamoja na karatasi ya maagizo: maji yafike digrii tisini na nane, ndipo uhesabu saa moja, kisha ufungulie mafuta.

Mimi nilikuwa karani wa kipimo. Kila robo saa nilisoma kipimo cha joto na kuandika. Mtu wa moto alikuwa mzee wa Rutshuru, mwembamba, aliyeijua tanuru ile kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake.

Maji yalifika tisini na tano, yakakaa hapo. Ile saa moja ya karatasi haikuanza kuhesabiwa hata siku moja. Tulingoja asubuhi nzima huku mafuta yakizidi kupikwa ndani ya mtungi, yakatoka meusi na bila nguvu. Wanunuzi waliyarudisha.

Mkubwa wa kiwanda, Mbelgiji asiyependa kelele, alileta kipimo kingine kipya. Tisini na tano. Basi akaona kosa ni la moto.

"Muzee, moto yako iko nalala," alisema.

"Bwana, maji iko naruka. Unataka irukie wapi? Ku paa ya nyumba?"

Mkubwa alinigeukia. "Karani, maji inachemukaka kwa ngapi?"

Nilikuwa na kitabu changu. Nilikinunua sokoni, kitabu cha shule cha fizikia kwa Kifaransa, kimepoteza jalada, na kwa miaka mingi nilikuwa nikijifunza nacho peke yangu, mstari kwa mstari. Nilijibu bila kufikiri.

"Cent, mia, Bwana. Iko imeandikwa."

"Basi hii haiyachemuka."

"Haiyachemuka, Bwana."

Mzee alinitazama, kisha akatazama pipa lililokuwa likitoa mapovu makubwa.

"Karani," alisema, "kama haiyachemuka, tia mukono."

Wasaga maua walicheka. Mimi sikucheka, wala sikutia mkono. Mkubwa aliandika barua ya kumwachisha mzee kazi ifikapo mwisho wa mwezi, akaiweka mezani pake chini ya jiwe la volkano. Mzee aliishi katika nyumba ya kiwanda na mke wake na wajukuu wanne. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha.

Jioni nilimweleza mke wangu. Yeye alizaliwa Vitshumbi, kule chini kwa wavuvi, na tangu tuoane alikuwa akiyalalamikia maharagi ya Goma. Alisema kwao yanaiva mapema, hapa yana kichwa nguvu. Nilizoea kumjibu kwamba ni kuni, au ni haraka yake.

"Kumbe hata ku kazi yenu maji ya Goma iko na kichwa nguvu," alisema akikoroga chungu.

"Maji haina kichwa, mama."

"Iko nayo. Maharagi ni ile ile, kuni ni ile ile, mupishi ni ule ule. Kunabakia nini, papa? Ni maji."

Nilichukua kitabu na kuutafuta ule mstari wa maji kuchemka. Ulisema maji huchemka kwa digrii mia, kisha yakafuata maneno matano madogo: au niveau de la mer. Kwenye usawa wa bahari. Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi na kuyaruka kila mara. Sijawahi kuona bahari, nikadhani ni mapambo ya mwandishi. Sasa nilikaa nayo. Lori linalotoka Vitshumbi hupanda njia nzima mpaka kufika kwetu, na bila shaka kutoka baharini kuna kupanda zaidi. Kama maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda, basi kuni za mzee zilikuwa zikiongeza mvuke tu, na joto lilikuwa limefika mwisho wake.

Lakini kupitwa na maneno matano mara moja kulitosha. Safari hii nilitaka kuona kwa macho kama huko chini maji huchemka kwa joto kubwa zaidi.

Nilikiomba kile kipimo cha kwanza, kilichodhaniwa kibovu. Nyumbani nilikitia katika maji yanayochemka, nikafunga uzi mweupe pale zebaki iliposimama: tisini na tano. Mke wangu alikuwa akienda Vitshumbi kumwona mama yake kwa lori la samaki. Hakujua kusoma tarakimu, kwa hiyo nilifunga pia uzi mweusi, mlegevu kidogo, nikamwonyesha jinsi ya kuusogeza mpaka pale zebaki inaposimama.

"Acha maji iruke kwanza. Usitoe kipimo kabla ya kusogeza uzi."

"Unafikiri sijue kungoya chungu?"

Alikaa siku nne. Mzee alinisalimu kila asubuhi kama kawaida, na hilo lilinielemea kuliko kama angeninunia. Mke wake alikuwa ameanza kuwauzia majirani kuku zake.

Mke wangu alirudi na samaki wakavu, na kipimo kimeviringishwa ndani ya kitenge. Vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge.

"Mama aliuliza kama siku hizi ku Goma tunapika vioo," alisema.

Uzi mweusi ulikuwa juu ya ule mweupe kwa vistari viwili. Tisini na saba.

Asubuhi nilikiweka kipimo mbele ya mkubwa, pamoja na kitabu. "Bwana, nilikudanganya bila kujua. Maji ilikuwa inachemuka. Muzee hana kosa."

Aliugusa ule uzi mweusi. "Nani alifunga hii?"

"Muke yangu. Ku Vitshumbi."

Alisoma ule mstari wa kitabu. "Hii nilisomaka ku shule," alisema taratibu, si kwangu. Kisha akachukua karatasi ya maagizo, akafuta tisini na nane, akaandika tisini na nne, chini kidogo ya mchemko wetu, na kwa kuwa joto limepungua, saa moja akaifanya saa moja na nusu.

Mchana ule mafuta yalitoka na rangi ya asali. Mkubwa aliyanusa, akarudi mezani pake, akaichana ile barua vipande vinne.

Nilizunguka nyuma ya ukuta. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa tanuru.

"Karatasi inasema nini sasa?" aliuliza bila kugeuka.

"Nonante-quatre, tisini na nne."

"Na ile ingine?"

"Ile haiko tena. Ameipasula."

Alisukuma gogo ndani, akafunga mlango wa tanuru, akapangusa mikono yake katika suruali.

"Karani," alisema, "ungetia tu mukono."