Kisu cha Baba Kilipogeuka Buluu

Mwanangu, nimeona hicho kisu chako cha kijeshi na hiyo grenda uliyoiazima, nami nikakumbuka siku moja pale Msambweni, nilipokuwa na umri wako. Hebu iweke chini kwanza.

Marehemu baba yangu alikuwa askari. Aliniachia kisu cha aina hiyo hiyo, kipana, cheusi, mgongo una meno ya msumeno. Nami kwa ujuaji wangu nikasema nitakiboresha nyumbani. Nikakichongea mpini wa mbambakofi, na huo, sijisifu, ulikaa mkononi vizuri. Kisha nikakisugua kwa grenda mpaka weusi wote ukatoka. Cheche ziliruka, makali yakageuka buluu. Basi nikaipenda ile buluu, nikadhani nimekipamba.

Wiki ile dada yangu alikuwa akimfanyia mwanawe akika, mtoto wake wa kwanza kuishi baada ya kuzika wawili. Akaniomba nichinje mimi, mjomba mtu. Nilikwenda kifua mbele. Lakini kwetu kisu hukaguliwa kwanza, maana mnyama hateswi. Mkaguzi alikuwa Babu Mwinyi, mhunzi wa mtaani. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kisu nyuma ya ukuta, mbuzi asikione. Akakikwaruza juu ya kifuu mara tatu tu, makali yakalala.

"Buluu hii ni chuma kuungua," akasema kwa upole. "Hakishiki makali tena. Utamtesa mbuzi wa watu."

Akachinja mtu mwingine. Mimi nikaenda jikoni kumenya vitunguu na akina mama, uso sina pa kuuweka.

Alasiri Babu akaniita uani kwake. Aliung'oa mpini, akawasha makaa ya vifuu, akavukuta hadi kisu kikawa chekundu. Akakigusisha sumaku ya spika kuukuu. Sumaku ilipokataa kushika, ndiyo alama ya joto kutosha, akakichovya kwenye mafuta ya nazi yenye uvuguvugu. Kikanguruma, harufu ya nazi ikajaa ua mzima. Akapitisha tupa, ikateleza, maana chuma kimekwisha kuwa kigumu. Kisha akaking'arisha, akakilaza juu ya bamba la moto kupunguza ugumu kisije kikavunjika, tukaitazama rangi ikitambaa polepole mpaka ikawa ya majani makavu, naye akakiondoa papo hapo. Subhanallah. Nilikuwa sithubutu kupumua. Mtu kukirudishia chuma nguvu yake kwa kuitazama rangi tu, mwanangu, jambo lile linanishangaza hadi leo.

Alipomaliza kukinoa, kidole chake kikasimama kwenye bapa, penye alama hafifu. "Hapa palikuwa na maandishi?"

Palikuwa na jina la baba, alilolichora mwenyewe kwa msumari. Nililisaga pamoja na ule weusi, wala sikuliona likipotea.

"Makali nimeyaweza," akasema Babu. "Hili siliwezi." Nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Basi nakuusia. Kitengeneze kisu chako, sikukatazi. Ila kigeuze kwanza pande zote, ujue kina nini na kimepita mikononi mwa nani. Kinoe kwa jiwe na maji, na kikipata joto la kukuunguza kidole, kipumzishe. Usilolijua, nenda ukawaamkie wanaolijua, uulize kabla hujasaga, maana kilichosagwa hakuna fundi wa kukirudisha. Mola akuhifadhie mikono hiyo, akupe subira ya kazi, na kisu chako kisimwage damu ila ya halali. Amin.