Orodha ya Mahari Iliyovuja Lanet

Kwa miaka saba Wangare amekula kwa siri za watu. Sebuleni kwake Lanet, kwenye ploti ya nyumba nne, anachapa wasia, barua za talaka na ratiba za mazishi, na hajawahi kumwambia mtu alichosoma. Kwa hivyo Mzee Kihara alipotoka Njoro kuja kumwita msaliti mlangoni, majirani wakisikia, hakulia. Alimvutia kiti amweleze polepole.

Kihara alikuwa ameskani kwake orodha ya mahari ya bintiye, pamoja na karatasi ya pili, ya wazee wa nyumbani tu: tukibanwa sana, tukomee mbuzi arobaini. Jumamosi wageni wa upande wa mwoaji walifika, wakataja arobaini moja kwa moja, wakakunja mikono. Msemaji wao alikuwa Thuo, jirani wa Wangare, nyumba ya tatu.

"Ulimuuzia kwa ngapi, mama?"

"Nipe mpaka Ijumaa, mzee. Nikikosa jibu, niite msaliti hata kanisani."

Alimwita Bethwel, fundi wa kompyuta, ambaye alifungua ukurasa wa printa kwenye simu yake. Haukuwa na nywila. Kila kilichoskaniwa tangu Januari kilikuwa kimelala humo, na yeyote aliye kwenye waifai ile angekisoma. Waifai yenyewe nyumba zote nne zilichangia, na Wangare ndiye aliyewashawishi, ili bili iwe nafuu. Ilimuuma. Akafuta kila kitu, akaiunga printa kwa waya, kisha akabisha kwa Thuo.

Thuo hakukana. Alikuwa anatafuta pa kuprinti fomu ya shule, akafungua ukurasa wa printa ile, akaona jina la Kihara.

"Uliacha wazi, jirani. Ungekuwa wewe hungesoma?"

"Ningesoma. Lakini singeacha mwingine aitwe msaliti. Twende Njoro useme mwenyewe, ama niwaambie hawa wa nyumba ya pili na ya nne ni nani husoma karatasi zao."

Ijumaa, huko Njoro, Thuo alisema yote, akiangalia viatu vyake. Wangare naye akakiri mbele ya wazee: kuacha printa wazi ni kosa lake, kuuza si lake. Jioni aliwapigia wateja wote wa tangu Januari, akawaeleza. Wawili hawakurudi tena.

Kihara alidai msemaji mwingine na mazungumzo yaanze upya. Jumatatu alileta orodha mpya, akasimama nyuma ya kiti cha Wangare mpaka karatasi ya mwisho ikatoka. Wangare alimwacha asimame.