Nyumba Isiyo na Ngazi

Jirani yangu Ragnhild Bruun alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1952 polio ilipoingia Kopenhagen, ilimpooza miguu yote miwili. Wakati huo yeye na mumewe Egon, seremala, walikuwa wamepanga ghorofa ya nne. Miaka mitatu Egon alimbeba mgongoni kupanda na kushuka ngazi. Egon akiwa kazini, Ragnhild hatoki.

Walipopata kiwanja huku Virum, nje kidogo ya jiji, walimwendea msanifu majengo kijana, Vibeke Lassen. Vibeke hakuanza na karatasi. Alitoa futi, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu.

"Nyoosha mkono, dada. Mwisho wako ni hapo?"

"Hapo hapo. Kuanzia hapo kwenda juu ni mali ya Egon."

Wakaangua kicheko.

Nyumba ikajengwa ya chini, ya matofali ya njano, paa bapa, bila kizingiti hata kimoja. Milango ilikuwa ya kusukuma pembeni. Chini ya meza ya jikoni paliachwa wazi, magoti yapite. Upande wa bustani ukuta mzima ulikuwa kioo kuanzia sakafuni, aliyeketi aone sawa na aliyesimama.

Mtaani tulicheka, na mimi nikiwemo.

"Egon! Hiyo ni nyumba au boksi la viatu? Paa mmelisahau?"

"Njoo unywe kahawa kwanza, bwana, ndipo useme."

Jumapili ya kwanza wakatualika. Egon akainuka kwenda jikoni kama alivyozoea. Mkewe akamzuia.

"Kaa chini, mume wangu. Leo wewe mgeni."

Akaenda peke yake. Tulimsikia akifungua makabati, akipanga vikombe. Akarudi akisukuma kimeza cha magurudumu, kahawa inafuka moshi, na mikate ya mdalasini. Egon aligeukia bustani, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Mimi nilikunywa kahawa yangu, aibu imenijaa.

Ragnhild akairudia cherehani yake, akaiweka mbele ya kile kioo, akawashonea maharusi wa Virum kwa miaka ishirini na minane.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni mchana mmoja wa Mei, wiki chache tu baada ya wao kuhamia. Mvua ilishuka ghafla, nikachungulia uani kwao. Alikuwa nje peke yake anaanua nguo, amelowa chepechepe.

"Ingia ndani, mama, utaugua!"

"Niache, jirani!" akapaza sauti, anacheka. "Miaka mitatu sijaguswa na mvua. Mungu ambariki Vibeke!"