Msusi wa Sekondi aliyezibua bafu bila kuvunja sakafu

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, Araba Bentsil amelala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu la watu. Shavu limegusa terazo, sikio liko juu ya tundu la kutolea maji, na mkono mmoja ameuinua kuwataka waliosimama mlangoni wanyamaze.

Wananyamaza. Ndani ya tundu inasikika sauti ndogo, glu, kisha kimya kirefu, kisha glu nyingine.

"Linameza kwa shida," anasema bila kuinuka. "Kama mtu mwenye kidonda cha koo."

Bafu ni la Mwalimu Kwamena Eshun, mstaafu wa miaka sabini na mmoja, hapa Essikado, upande wa Sekondi. Kwa miezi minane maji ya shawa yamegoma kushuka. Mtu akioga dakika tano tu, maji yanamfika kifundoni, na yatakaa hapo na povu lake mpaka adhuhuri.

Kwa nyumba nyingine hiyo ingekuwa kero na basi. Hapa mambo ni mazito zaidi. Mke wa Mwalimu, Mama Aba, alipatwa na kiharusi mwaka juzi, na upande wake wa kushoto haujarudi sawasawa. Lakini kuoga alikuwa anaoga mwenyewe, ameketi kwenye stuli ya plastiki chini ya shawa, mlango ameufunga, na ole wake atakayebisha hodi. Mwezi wa sita stuli ikateleza kwenye maji yaliyotuama. Hakuvunjika, ila tangu siku hiyo anaogeshwa chumbani kwa beseni na kitambaa, na mumewe.

"Miaka arobaini na sita ya ndoa," anasema Mama Aba, maneno yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo. "Nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza mama yake mpaka tukamzika. Sasa ananifuta kama meza."

Mwalimu anaangalia pembeni.

Mafundi watatu walishafika kabla ya Araba. Walimwaga tindikali, wakasukuma pampu ya mpira, wakafunua chemba, shimo la kukagulia bomba lililo karibu na barabara, na kuikuta kavu. Wote wakatoa jibu moja: bomba limebomoka chini ya bafu, sakafu ivunjwe. Wa tatu alikuwa Ebo Ackon, mwenyekiti wa chama cha mafundi bomba wa eneo hili, mtu ambaye neno lake huwa halipingwi.

Mama Aba akalipinga. Sakafu hiyo ni yake. Aliijenga kwa faida ya kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochacha, alizouza miaka kumi na minne nje ya lango la shule, na vijiwe vya terazo, vyeupe na vya kijani, alivichagua mwenyewe kimoja kimoja.

"Niliwaambia wasubiri nife ndipo wavunje," anasema. "Maiti haendi bafuni kwa miguu yake."

Ndipo jirani mmoja wanayesali naye akamtajia jina la Araba.

Araba, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, hakuzaliwa kwenye ukoo wa mafundi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na ndani yake beseni moja la kuoshea vichwa lililokuwa likiziba kila wiki.

"Fundi nikimwita Jumatatu, anakuja Alhamisi," anasema. "Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na beseni limejaa maji machafu. Siku moja hasira zikanipanda, nikaingia chini ya beseni na waya wa kutundikia nguo. Nikavuta kitu kama paka aliyekufa. Maji yakaenda. Nikakaa pale chini nacheka peke yangu, mteja akadhani nimerukwa na akili."

Kuanzia hapo hakuita fundi tena. Wasusi wenzake wakaanza kumwita yeye.

Miaka mitatu iliyopita kifua kikaanza kumbana. Daktari akamwambia ni dawa za kulainishia nywele, na kwamba akiendelea kuzivuta atalala hospitali. Akauza viti na vioo, akanunua waya wa springi wa mita nane, spana mbili na glavu ndefu. Mwaka wa kwanza alipata kazi kumi na moja tu, mwaka mzima. Mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Siku hizi Araba anazibua mabafu manne au matano kwa wiki, kila moja kwa sedi mia moja na hamsini.

Fedha haikumsumbua kama maneno. Ili mtu afanye mtihani wa cheti cha ufundi bomba, fomu yake lazima isainiwe na fundi mkuu aliyekaa kwenye kazi zaidi ya miaka kumi. Araba alizunguka na fomu hiyo miaka miwili, na mafundi wanne wakamrudishia bila saini. Ackon alikuwa mmoja wao.

"Aliisoma mpaka mwisho," Araba anakumbuka. "Halafu akaniuliza, dada msusi, na mimi nikikuletea kichwa changu, utanisainia nini?"

Sasa, asubuhi hii ya Jumanne, anainuka sakafuni na kufungua chujio la tundu kwa bisibisi. Anaingiza waya kwenye kona ya bomba, ile inayobakiza maji kidogo ili harufu isipande, anauzungusha taratibu na kuvuta. Linatoka bonge jeusi lenye utelezi, ukubwa wa yai.

"Si nilisema?" Mwalimu anamgeukia mkewe. "Nywele zako hizo, Aba."

Mama Aba anavuta kitambaa chake cha kichwa kwa mkono mzima mpaka kinakaribia kufunika nyusi. Nywele zake zilianza kupukutika baada ya ugonjwa, na kwa miezi minane amekuwa akisikia kwamba ndizo zilizoliua bafu.

Araba anafungulia shawa. Maji yanashuka vizuri, dakika moja, moja na nusu. Kisha yanasimama, yanapanda, yanatanda sakafuni kama kawaida yake.

Nyuma yao mtu anakohoa. Ni Ackon, amefika kwa pikipiki na kusimama uani, helmeti mkononi. Habari hapa Essikado hazihitaji redio.

"Nimesikia kuna mtu anasuka mabomba," anasema. "Nikaona nije nijifunze mtindo."

"Karibu, mwenyekiti," Araba anamjibu. "Kiti kipo, ila hakuna kioo."

Anarudi kwenye lile bonge. Analiosha kwenye ndoo, analitandaza kiganjani na kulisogeza dirishani penye mwanga, kama alivyokuwa akikagua nywele za wateja.

"Mwalimu, njoo uone. Hizi ni za mama, ndiyo. Fupi, nyembamba, hazina nguvu. Nimeshika nywele miaka kumi na tisa, na nakwambia hizi haziwezi kuziba bomba. Zimekwama tu njiani kama abiria wengine. Kuna kitu mbele kimefunga barabara."

"Bomba limebomoka," anasema Ackon. "Ndicho kitu chenyewe."

"Lingebomoka, maji yangepotelea ardhini. Haya yanarudi."

Ackon anasogea mlangoni, anachungulia tundu.

Araba anasubiri bafu likauke, jambo linalochukua karibu saa nzima. Mwalimu anapita huku na huku. Mama Aba anaomba kiti, anaketi mlangoni na kukodoa macho. Kisha Araba anaomba ndoo ya lita kumi, anaijaza mpaka juu na kuimimina tunduni kwa mkupuo mmoja, huku akihesabu kwa midomo. Maji yanaingia kwa kasi. Ndoo inapofika nusu, yanagoma.

"Lita tano," anasema. "Bomba la upana huu linabeba lita mbili hivi kwa kila mita. Lita tano zimeingia, basi kizibo kiko mita mbili na nusu kutoka hapa."

Anatoa futi ya kupimia. Kutoka kwenye tundu mpaka ukuta wa nyuma ni mita moja na nusu. Anatoka nje, anazunguka nyumba, anapima mita moja kutoka ukutani. Futi inaishia katikati ya tuta la pilipili na mabilinganya.

"Hapo hakuna kitu," Mwalimu anasema. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Chemba ni moja tu, ile ya barabarani."

Kutoka mlangoni inasikika sauti ya Mama Aba, nzito, ya kukokota.

"Nani ameijenga?"

Mwalimu anageuka.

"Wewe ulikuwa shuleni na chaki zako. Aliyesimama na mwashi ni mimi." Anainua mkono wa kulia na kuonyesha tuta. "Aliweka kifuniko hapo. Kama sinia. Wewe ukaja na udongo wako wa bustani, ukakifukia."

Araba anachukua jembe. Anang'oa miche minne ya pilipili kwa uangalifu, anaiweka pembeni kivulini, anachimba. Kina cha mkono mmoja, jembe linagonga saruji.

Kifuniko kinahitaji watu wawili. Araba anaingiza nondo upande mmoja, anatazama huku na huku, na kabla hajaita mtu, Ackon ameweka helmeti chini na kushika upande wa pili.

Chemba imejaa pomoni maji ya kijivu. Araba anavaa glavu mpaka begani, anapiga magoti, anaingiza mkono na kupapasa kwenye mdomo wa bomba la kutokea. Anavuta. Kinachotoka ni kirefu, kinajinyonga kama kamba ya meli, kimegandamana na sabuni ya miaka. Anavuta tena na tena. Nyuma yake maji yanatoa mlio mkubwa na kuzama yote kwa pamoja.

Anakiosha. Chini ya utelezi inaonekana rangi ya buluu na ya chungwa. Ni nyuzi za dodoki la wavu, lile ambalo kila mtu huku anajisugulia mgongo, vipande kwa vipande, vimesukana vyenyewe kuliko msusi yeyote angeweza.

Anakiinua ili wote wakione.

"Nani hukata dodoki bafuni?" Araba anauliza.

Mwalimu anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Likichakaa pembeni huwa nalipunguza kwa mkasi," anasema. "Vipande nilidhani vinakwenda na maji."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Mama Aba anacheka. Ni kicheko cha upande mmoja, lakini kinamtikisa mpaka kiti kinalia. Halafu anavua kitambaa cha kichwa mbele ya watu wote, anakiweka mapajani na kujipapasa nywele zake chache zenye mvi.

"Miezi minane, Kwamena," anasema. "Miezi minane unanisemea nywele."

"Nisamehe, Aba."

"Nitakusamehe nikishaoga. Nileteeni stuli."

Hakuna anayethubutu kumwambia asubiri. Araba anasugua sakafu, anarudisha chujio, anatandika mkeka wa mpira chini ya stuli. Mama Aba anaingia akijishikilia ukutani, anageuka mlangoni, anamtazama mumewe aliyekuwa akimfuata na taulo.

"Wewe unakwenda wapi?"

Mlango unafungwa kutoka ndani.

Watu watatu wanabaki uani, wamezunguka chemba iliyo wazi. Shawa inasikika. Punde maji yenye povu yanatokeza kwenye bomba, yanapita mbele ya macho yao na kwenda zake bila kusimama. Yanapita hivyo zaidi ya nusu saa. Mwalimu Eshun ameinama, mikono magotini, anayaangalia. Machozi yake anayafuta kwa taulo la mkewe.

Ackon amechuchumaa upande wa pili.

"Ile ndoo," anasema hatimaye, sauti ya chini. "Umefundishwa na nani?"

"Na beseni la saluni."

"Mimi niko kwenye kazi hii miaka ishirini na sita. Sijawahi kupima hivyo." Anaokota helmeti, anaikung'uta udongo. "Ile fomu bado unayo?"

Anayo. Huwa inakaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya spana, na pembe zake zimekunjamana kwa kutolewa na kurudishwa. Ackon anaiweka juu ya tangi la maji, anaandika jina lake kamili, anasaini, kisha anaongeza mstari ambao hakuombwa: *Nimeshuhudia kazi yake kwa macho yangu.*

Araba anausoma mara mbili. Kisha anakwenda bombani kunawa uso, na ananawa kwa muda mrefu.

Mama Aba anatoka ametakata, ananukia sabuni, kanga imefungwa upande kwa mkono mmoja. Anaomba kenkey na samaki wa kukaanga, na anaagiza kwamba fundi asiondoke bila kula. Fundi, anasema, wala si msusi. Mwalimu tayari yuko tutani, anarudishia miche ya pilipili, safari hii mbali na kifuniko.

Mtihani wa cheti ni mwezi wa kumi na moja. Araba amekwishalipa ada, na jioni mumewe akiwa hayuko safarini humshikia kitabu na kumuuliza maswali. Akifaulu, ataruhusiwa kuomba kazi kwenye hosteli na majengo makubwa ya Takoradi, ambako leo hapokelewi hata getini. Wasusi wawili waliobanwa kifua kama yeye wameshamwambia wako tayari kumfuata. Ukuta wa kuandika tangazo lake ameshaupata, unatazama barabara kuu.

"Jina langu nitaliandika lote, kubwa, lisomeke na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia," anasema, akiviringisha waya wake wa springi. "Na chini yake maneno mawili tu: Hatuvunji. Tunazibua."