Ameni Tuliyowanyima

Msimu wa kahawa, Karurumo yote ilinuka maganda. Yalirundikwa nyuma ya kiwanda yakachacha, na harufu yake, nusu tamu nusu uvundo, ilitufuata hadi darasani. Wageni waliziba pua. Sisi tuliipenda, maana ilikuwa harufu ya karo na ya viatu vya Krismasi. Shamba letu lilikuwa mteremko mdogo ulioshuka hadi mtoni, lenye kahawa, migomba na kaburi la baba. Mama alililima peke yake.

Msimu mmoja, serikali za kaunti zikiwa bado changa, afisa wa mipango alikuja na ramani pana kama shuka, akaitundika kwenye ukuta wa kanisa. Ilikuwa ramani ya mji wa miaka thelathini ijayo, na penye shamba letu palichorwa steji ya magari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji ahame. Tena alikuwa mjanja, alijua kwetu hakuna mkutano usiofunguliwa kama ibada. "Bwana asifiwe!" "Ameni!" "Tena Bwana asifiwe!" "Ameni!" "Hii town yenu itakuwa kubwa kushinda Embu, ama namna gani?" "Ameni!" Watu waliitikia kwa mazoea tu. Afisa akakunja ramani, akatangaza kwamba wananchi wamekubali na kwamba juma lililofuata angeleta wapimaji.

"Mmeuza kaburi la mume wangu kwa Ameni!" mama aliwafokea majirani. Kisha akazunguka boma kwa boma akiwasihi wafunge midomo siku hiyo ikifika. Mama Njeru, jirani yetu mcha Mungu, alishtuka. "Mama Wawira, kweli tukatae kumsifu Bwana?" Mama akamjibu, "Bwana tutamsifu Jumapili, kwake kanisani. Huyu anataka asifiwe yeye."

Afisa alirudi na vijana waliobeba vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. "Bwana asifiwe!" Kimya. Akapandisha sauti. Kimya. Mama Njeru alijiziba mdomo kwa leso, machozi yakimlengalenga, Ameni imemkaba kooni. Kimya kingi kina mshindo mkuu: afisa alisahau hotuba yake yote. Ndipo mama aliposimama. "Officer, shamba yangu si mahali ya kupaki magari. Mimi nimekataa." Umati ukalipuka, "Tumekataa!" Vigingi vikarudishwa garini. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea mama siku ile.

Leo nafanya kazi ya ofisi mjini Embu, nimepanga nyumba mtaa wa Dallas, na mpango umerudi. Siku hizi hauhitaji Ameni ya mtu. Unaletwa kwa simu, una picha za maghorofa yanayong'aa, na hauna uso wa kununiwa. Zamani tulimnyamazia mtu akababaika. Sasa kunyamaza ndiko wanakokutaka. Kwa hiyo napiga kelele kila mkutano, hata wenzangu wa ofisini wanaponicheka kwamba maendeleo hayazuiliki, nichukue fidia nitulie. Sichukui! Mama amezeeka, jembe limemshinda, lakini Jumamosi iliyopita nilimwomba anionyeshe ile steji yao ingekaa wapi hasa. Akanyoosha kidole. Nikachimba mashimo papo hapo, nikapanda mikadamia, miti inayochukua miaka kuzaa.

"Utaweza kuingoja miaka yote hiyo?" mama aliuliza.

"Nitaingojea hapa hapa."