Nyota Nilizoiba Kwenye Simu za Wateja

Nimekosa, na sina wa kusingizia. Naomba tu jina langu lisitajwe, maana mama yangu husoma ukurasa huu.

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko katikati ya jiji, chini ya ngazi za jengo la maduka ya vitambaa. Ukitaka kujua Wakenya wanacheza gemu gani, uliza fundi. Kuna msimu kila simu iliyoletwa ilikuwa na ile ya kupanga matofali. Ikaja ya kumimina maji ya rangi kwenye chupa, hata wazee wa kanisa walikuwa nayo. Zote za ng'ambo.

Rafiki yangu Zuhura huuza vitambaa duka la juu, la mjomba wake. Kwao ni Mombasa. Alijifunza mwenyewe kuunda gemu, akatoa ya vitendawili: unaunganisha vipande vya picha mpaka jibu litokee, na ukishindwa unatoa mji, kama tulivyofanya utotoni. Unatoa Kisumu, unatoa Nyeri, mpaka ramani inaisha. Vitendawili alitumiwa na bibi yake kwa sauti, na bibi hakosi kuuliza, "Wanangu wanacheza?"

Walicheza. Gemu ikaanza kupanda kwenye orodha ya zinazopendwa Kenya, polepole. Mimi na ndoto zangu nikaona tayari tuna ofisi Upper Hill, ghorofa ya vioo, viatu havina vumbi la Kangemi ninakoishi. Hiyo polepole ikanishinda.

Wateja huniachia namba ya siri nijaribu kioo kipya. Siku moja nikaiweka gemu ya Zuhura kwenye simu ya mtu, nikaipa nyota tano, nikaandika "Safi sana". Kisha simu nyingine. Ikawa kila simu inayopita mkononi mwangu. Nilijiambia namsaidia rafiki, hapo hakuna wizi.

Gemu ikaruka juu kwenye orodha. Zuhura akashuka ngazi mbio, buibui kalikusanya mkononi. "Wewe, tumeipita ile ya chupa! Bibi amelia kwenye simu."

Nikacheka naye. Jamani, nilicheka naye.

Halafu mama mmoja wa Kileleshwa akarudi. "Kijana, mimi nilileta kioo kibadilishwe. Hii gemu nani alikutuma uniwekee?"

"Labda imejiweka yenyewe, mathe."

Akaandika papo hapo kwenye maoni, nyota moja: gemu hii inaingia kwa simu ya mtu kama mwizi. Wengine nao wakakagua simu zao, wakaandika. Zuhura akawajibu mmoja mmoja kwa adabu, akiapa kwamba gemu yake haiingii popote bila ruhusa. Alisema kweli, nami niko chini yake pale nakaza skrubu.

Gemu ikaondolewa kwenye duka la programu. Akaja kibandani, macho mekundu. "Wewe unajua simu. Nisaidie, nimekosea wapi?"

Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli ya wateja. "Basi waliocheza kweli ni wangapi?"

"Sijui."

"Wale wa 'safi sana'?"

Nikaokota bisibisi, nikaiweka tena mezani.

"Na bibi nimwambie nini?"

Nilizoea kumchekesha akiwa na huzuni. Nikasema, "Hapo nimeshindwa. Nakupa mji."

"Siutaki," akasema. "Hata ile miji niliyokuwa nayo, sijui tena upi nilipewa na upi uliwaibia watu ukanipa."

Siku hizi anapita mlango wa nyuma wa jengo.

Wewe unayesoma, ukiwa na rafiki anayepanda polepole, mwache apande. Kaa ucheze alichotengeneza, umpe nyota yako ya haki, basi. Mimi kitendawili cha kwanza kilinishinda nikaifunga gemu, sikurudi tena. Nilimpa nyota za watu wote wa jiji hili. Ya simu yangu mwenyewe sikuwahi kumpa.